Mukau: Mwongozo wa Kupanda Mti wa Mbao Kitui na Makueni

Kila mwaka ifikapo Machi na Aprili, picha za micheri ya Japani hujaa kwenye simu: kilima kizima kimefunikwa maua meupe na ya waridi, na watu wameketi chini yake wakila na kunywa. Hapakosi mtu wa kuuliza kama mti huo unaweza kupandwa kwake Kitui au Makueni. Jibu ni kwamba hautafaa. Mcheri wa mwitu unaoota kwenye milima ya Japani na Korea hupukutisha majani msimu wa baridi, kisha vichipukizi vyake hulala. Haviamki mpaka vipitie mamia ya saa za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 hivi. Kibwezi na Mutomo hakuna usiku wa namna hiyo hata mwezi Julai. Ukiupanda utaumwagilia maji miaka nenda miaka rudi bila kuona ua.

Mti huo una ndugu wa Kiafrika, Prunus africana, ambao Wakikuyu huuita muiri. Gome lake hutengenezewa dawa ya tezi dume, na kwa sababu ya kuchunwa ovyo biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu 1995. Ila muiri nao ni mti wa milimani, unataka ukungu na mvua ya kutosha. Kama shamba lako liko juu kwenye vilima vya Mbooni au Kilungu, zungumza na afisa wa misitu, huenda ukakufaa. Sisi wengine, tulio wengi, tuko chini kwenye joto, mvua huja ikitaka, na msimu mmoja kati ya kadhaa huwa mtupu. Mwongozo huu ni wetu.

Wajapani wa zamani hawakuuthamini mcheri wa milimani kwa maua peke yake. Mbao zake ni ngumu na zina nyuzi laini, na ndizo zilizochongwa vibao vya kuchapia picha zao mashuhuri za ukiyo-e. Ukambani tunao mti wa kwetu wenye sifa hizo mbili, maua ya kupendeza nyuki na mbao za kupendeza fundi. Ni mukau. Wataalamu huuita Melia volkensii, na ni wa ukoo mmoja na mwarobaini na mahogani. Asili yake ni nchi kavu za Ethiopia, Somalia, Kenya na Tanzania, kuanzia mwinuko wa mita 350 hadi 1,700, mahali panapopata milimita 300 mpaka 800 za mvua kwa mwaka. Mbao yake ni ya rangi nyekundu ya kahawia, hupigwa randa vizuri, haipindi ovyo ikikauka, na mchwa hawaiwezi kirahisi. Milango, fremu za madirisha, vitanda, makabati na mizinga ya magogo ya wafugaji nyuki vimetoka kwenye mti huu tangu zamani.

Tena Wajapani wenyewe wameusaidia. Shirika lao la JICA lilianza kushirikiana na Kenya katika utafiti wa misitu mwaka 1985, karibu wakati mmoja na kuundwa kwa taasisi yetu ya KEFRI, na Kitui ikawa mojawapo ya vituo vya kazi hiyo, pamoja na msitu wa majaribio wa Tiva. Kuanzia 2004 hadi 2009 wakulima wa Kitui, Mbeere na Tharaka walifundishwa upandaji miti katika mashamba darasa, wenyewe kwa wenyewe, chini ya mti badala ya darasani. Mwaka 2012 ukaanza mradi mwingine wa kuboresha mbegu. Watafiti walizunguka maeneo kame ya nchi wakachagua mikau 100 iliyonyooka, yenye shina safi na afya njema, wakakata vikonyo vyake na kuvibebesha juu ya miche mingine. Miti hiyo ya kubebeshwa ndiyo iliyopandwa kwenye mashamba ya mbegu, moja Tiva katika Kitui, jingine Kibwezi katika Makueni. Hivyo mkulima wa kaunti hizi mbili yuko karibu na mbegu bora ya mukau kuliko mtu mwingine yeyote duniani, na ni jambo la kusikitisha kwamba wengi bado wanapanda chochote walichookota njiani.

Hapo ndipo penye uzito wa maneno yangu yote. Mukau huvunwa ukiwa na miaka 10 mpaka 15, lakini thamani yake huamuliwa katika miaka miwili ya kwanza, na sehemu ya uamuzi huo hufanyika kabla mbegu haijaingia mchangani. Tembea leo kutoka Kitui mjini kuelekea Mutomo, au kutoka Wote kwenda Kibwezi, utaona mikau mingi iliyojigawa matawi ikiwa kimo cha kiuno, mingine imepinda, mingine ina mashimo yaliyooza pale tawi lilipokatwa kwa panga. Miti hiyo ilipandwa, ikaota, ikavumilia kiangazi. Iliachwa tu bila mtu wa kuilea.

Mbegu na miche

Njia ya kwanza ni kununua mbegu au miche kutoka KEFRI, Kitui au Kibwezi. Nenda mapema, miezi kadhaa kabla ya mvua, kwa sababu mukau haukubali haraka. Kama unanunua miche kwa mwenye kitalu wa kando ya barabara, muulize mbegu aliitoa wapi, na usione haya kumwambia akuonyeshe makokwa. Sababu ni hii: kuna ndugu wa mukau kutoka Asia, Melia azedarach, unaopandwa sana kwa ajili ya kivuli, na miche ya miti hiyo miwili ikiwa midogo huweza kumchanganya mtu. Wa Asia una maua ya zambarau na matunda madogo ya mviringo, kama sentimita moja na nusu, yanayoning'inia kwa vishada na kugeuka manjano. Mukau una maua meupe yenye harufu nzuri, na tunda lake ni kubwa, refu kidogo, karibu sentimita 4, na ndani yake mna kokwa gumu ajabu. Ukionyeshwa vikokwa vidogo, ondoka.

Njia ya pili ni kuokota mwenyewe. Tunda la mukau hukaa mtini kwa takriban mwaka mzima kabla ya kukomaa, ndiyo maana mti mmoja unaweza kuwa na maua na matunda kwa pamoja. Lililokomaa huacha ukijani na kugeuka la manjano yaliyopauka. Chagua mti kama unavyochagua fahali wa mbegu: ulionyooka, wenye shina refu kabla ya tawi la kwanza, usio na kidonda wala ufa. Usiokote kwenye mti mmoja tu, hata uwe mzuri namna gani. Okota kwenye mingi kadiri uwezavyo, iliyoachana mbali, ili watoto wasiwe ndugu wa tumbo moja wanaodhoofishana baadaye. Wahi asubuhi, maana mbuzi wanayapenda matunda hayo kuliko wewe.

Wazee walikuwa na njia yao. Waliyaokota makokwa yaliyobaki bomani baada ya mbuzi kula matunda, au walitafuta miche iliyojiotea karibu na boma mvua iliponyesha, wakaihamishia shambani. Wengine walichoma makokwa kwa moto hafifu wa nyasi kavu. Njia hizi hufanya kazi, ila kwa bahati. Ukitaka miche 20 unaweza kuipata hivyo. Ukitaka 300 kwa wakati mmoja, utahitaji kupasua makokwa.

Kupasua ndiyo kazi inayowakatisha tamaa wengi, basi nitaieleza polepole. Kwanza ondoa nyama ya tunda kwa kulitwanga kwa uangalifu kwenye kinu, kisha osha makokwa na uyaanike mpaka yakauke kabisa. Kokwa bichi halipasuki vizuri. Chukua kipande cha gogo gumu, chonga juu yake kijishimo cha kulishikilia kokwa lisimame. Weka ukali wa kisu imara juu ya kokwa, ukifuata urefu wake, kisha gonga mgongo wa kisu kwa nyundo ya mti. Gonga kidogo kidogo. Kokwa litafunguka vipande viwili, na ndani ya vyumba vyake utakuta mbegu moja mpaka nne, nyeusi, nyembamba, laini kwa kugusa. Ukigonga kwa hasira, kisu kitapita kwenye mbegu, na mbegu iliyochubuka haioti bali huota ukungu na kuambukiza wenzake. Mbegu za namna hiyo zitupe bila huruma. Kazi hii huwafaa watu wenye mikono mitulivu; vikundi vya akina mama wanaosuka vyondo wana subira hiyo tayari, na wanaweza kuifanya kuwa biashara.

Mbegu ikishatoka ina ganda lake jembamba ambalo nalo hukataa maji. Kata kijisehemu kidogo sana cha ganda kwenye ncha, kisha loweka mbegu kwenye maji baridi usiku kucha. Asubuhi chukua wembe mpya, uchane ganda kwa urefu, kwa kina cha ganda lenyewe tu, bila kugusa kiini cheupe. Zisie siku hiyo hiyo.

Mahali pa kusia pawe na mchanga wa mtoni uliooshwa na kuunguzwa kwenye karai juu ya moto, halafu ukaachwa upoe. Usitumie udongo wa shamba wala samadi hapa, kwa kuwa adui mkubwa wa mbegu ya mukau iliyovuliwa ganda ni kuvu, na kuvu hukaa kwenye uchafu. Laza mbegu, zifunike kwa mchanga mwembamba, nyunyiza maji kidogo, kisha simamisha vijiti na ufunike kwa karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, ili joto na unyevu vibaki ndani. Mahali pawe pa joto. Baada ya siku chache utaona za kwanza zikitokeza, na ndani ya wiki mbili zilizo hai zitakuwa zimeota. Zisizoota hapo usizingoje.

Mche ukifungua majani yake mawili ya kwanza, uhamishe kwenye mfuko wa udongo. Ushike kwa jani, kamwe si kwa kishina, kwa maana kishina kikiminywa mche umekufa ingawa utaendelea kusimama siku mbili tatu. Uweke kivulini wiki ya kwanza, kisha uuzoeshe jua taratibu. Mwagilia asubuhi, na usimwagilie kwa sababu tu saa imefika: tia kidole kwenye udongo, ukiwa bado una unyevu acha. Miche mingi ya mukau hufa kitaluni kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Angalia pia chini ya majani. Yakianza kupauka na kuwa na vidoadoa na nyuzi nyembamba, kuna utitiri mwekundu, na itakubidi uutibu kabla haujaenea. Miezi mitatu au minne inatosha. Mche wa sentimita 30 hivi, wenye shina gumu, uko tayari kwenda shambani. Ukicheleweshwa, mzizi hujikunja chini ya mfuko, na mti wenye mzizi uliojikunja hautasimama imara.

Mahali pa kupanda

Mukau hauchagui sana rutuba. Unakubali kichanga, udongo mwekundu, hata sehemu yenye mawe. Kitu kimoja tu haukivumilii: maji yaliyotuama. Epuka udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kugeuka tope wakati wa mvua, na epuka mabonde ambako maji hulala. Kwa wenye matuta ya fanya juu, usiupande ndani ya mtaro wenyewe.

Suala la mahindi na mukau linahitaji ukweli. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba mukau haudhuru mazao. Utafiti uliofanywa hapa hapa Ukambani ulionyesha vingine: mti ukikua, mizizi yake huingia kwenye tabaka lile lile la udongo ambamo mahindi hutafuta maji, na mavuno yaliyo karibu nao hupungua. Hiyo haimaanishi usichanganye. Miaka miwili ya kwanza panda kunde, ndengu au maharagwe katikati ya mistari, kwa faida yako na ya mti, kwani palizi ya ndengu ni palizi ya mukau. Baadaye shamba la chakula liwe na mistari iliyoachana, mita 10 au zaidi. Ushauri wangu kwa mwenye ekari kadhaa ni kuutengea mukau eneo lake, ile sehemu ya mawe au ya mteremko ambayo mahindi hayakupi kitu. Kwenye mpaka wa shamba unafaa pia, ila zungumza na jirani kwanza, kwa sababu mzizi na kivuli havijui mpaka, na kesi ya mti huweza kudumu kuliko mti wenyewe.

Katika eneo la mukau peke yake, acha mita 4 kila upande. Kwa nafasi hiyo ekari moja hubeba miti kama 250, hekta moja 625. Usishawishike kubana zaidi. Hapa hakuna maji ya kugawana kwa wengi.

Chimba mashimo wakati wa kiangazi, sentimita 45 upana, urefu na kina, na ukiwa na nguvu fika 60. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Rudisha udongo wa juu ukiwa umechanganywa na debe la samadi iliyooza vizuri. Upande wa juu wa mteremko jenga mikono miwili ya udongo ya kuelekeza maji ya mvua kwenye mti, lakini yasije yakasimama kwenye shina.

Ukambani mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa kuliko zile za Machi na Aprili, basi panda wakati huo. Usipande siku ya mvua ya kwanza. Ngoja mpaka udongo umelowa kwa kina, ukichimba kidogo uone unyevu umepita kiwiko. Chana mfuko wote, uutoe. Mfuko ulioachwa chini ya ardhi ni kaburi la mzizi. Kisha zungushia miiba, kwa sababu mbuzi, sungura na paa watafika kabla hujarudi nyumbani. Weka nyasi kavu kuzunguka mche bila kugusa shina, na uache duara la mita moja likiwa safi bila magugu kwa mwaka wote wa kwanza na wa pili. Magugu huiba maji yale machache yaliyopo. Mwezi Januari angalia miche iliyokufa, uiweke akilini kwa ajili ya mvua zijazo.

Kuutunza uwe mbao

Hapa ndipo wakulima wengi hupoteza mali yao bila kujua, nami naomba usome sehemu hii mara mbili.

Mukau una tabia ya kutoa matawi mapema. Kila mahali jani linapoungana na shina, kwenye kwapa lake, hutokeza kichipukizi. Ukikiacha, baada ya wiki chache ni tawi la kijani. Baada ya miezi ni tawi la mti. Na mti wako umekuwa kichaka. Ukilikata tawi hilo likiwa nene, kidonda hakifungi upesi, maji huingia, na uozo hushuka ndani ya shina mahali usipouona. Utakuja kuugundua siku ya kupasua mbao.

Dawa yake ni vidole vyako. Kichipukizi kikiwa bado laini, na urefu usiozidi ncha ya kidole, kisugue kwa kidole gumba kitoke. Kinavunjika kama jani changa la mchicha na hakiachi alama. Jani lenyewe liache, maana ndilo linalolisha mti. Unaondoa kile kilicho kwapani tu. Kile cha juu kabisa usikiguse hata kidogo, kwa kuwa hicho ndicho urefu wa mti. Wakati wa mvua mukau hukua kwa kasi, kwa hiyo pita shambani kila wiki. Miti 250 si kazi ya siku nzima. Mtoto aliyeelekezwa vizuri anaweza kuimaliza jioni moja akitoka shuleni. Wakati wa kiangazi mti hupumzika, nawe pumzika.

Endelea hivyo mpaka shina liwe safi kufikia mita 3 au 4. Kimo kikikushinda tumia ngazi ya miti miwili au ufito wenye ncha iliyogawanyika. Ukifika hapo acha mti utanuke na kujenga taji lake, kwa sababu shina hunenepa kwa chakula cha majani. Mukau uliovuliwa matawi mpaka ukabaki na kishungi juu hurefuka bila kunenepa, na upepo huuvunja.

Kama umekuta mti wenye matawi tayari, yakiwa membamba yakate wakati wa kiangazi kwa msumeno mkali, karibu na shina bila kulichubua shina lenyewe. Yakiwa manene kama mkono, fikiri upya. Pengine mti huo ni heri ubaki wa kivuli, mizinga na chakula cha mifugo.

Na kuhusu mifugo: mukau hutoa majani mapya kabla mvua haijafika, wakati kila kitu kingine ni kikavu, na wafugaji huyategemea. Hakuna ubaya. Ubaya ni kupanda juu na panga na kukata tawi lolote lililo karibu. Tenga miti michache kwa ajili ya mbuzi, iliyo na maumbo mabaya, na ile ya mbao usiiguse. Miti ikifikisha miaka minne au mitano na mataji yameanza kugusana, ondoa iliyopinda, mifupi na yenye vidonda. Roho itakuuma kukata mti uliolea mwenyewe, lakini unaobaki hautanenepa bila nafasi. Fito hizo hujenga vizuri.

Kuvuna na kuuza

Watu watakuja kabla ya wakati. Mti ukiwa na miaka sita au saba, mnunuzi mwenye msumeno wa mnyororo atakukuta karibu na wakati wa kulipa ada za shule na kukutajia bei ya mti uliosimama. Mti wa umri huo una sehemu kubwa ya mbao nyeupe ya nje, ambayo wadudu huila, na kiini chekundu kidogo. Anachokununulia ni kiini, na bado hakijawa kingi. Kama ni lazima uuze, uza mmoja au miwili, usiuze shamba.

Kabla ya kukubali bei yoyote, pima mzingo wa kila mti kwa futi kamba kwenye kimo cha mita 1.3 na uandike kwenye daftari. Mwite fundi seremala, asiye jamaa ya mnunuzi, akukadirie mbao zitakazotoka. Mara nyingi utaona kwamba kulipa mtu akupasulie na kuuza mbao ni bora kuliko kuuza mti. Mbao zipange kivulini kwa vijiti katikati ili hewa ipite, uzipe miezi kadhaa kabla ya kuuza. Fundi wa Kitui au Emali atalipa zaidi kwa mbao kavu kwa sababu hatarudishiwa mlango uliofunguka viungo.

Pitia ofisi ya huduma za misitu, KFS, iliyo karibu kabla ya kukata, hata kama mti ni wako na shamba ni lako. Kusafirisha mbao barabarani kunahitaji kibali, na lori lisilo nacho huzuiliwa. Beba pia barua ya chifu inayoonyesha miti ilitoka wapi. Na kwa kuwa tumefika hapo: kuchoma makaa ya mukau ni hasara tupu. Kitui ilipopiga marufuku biashara ya makaa mwaka 2018, wengi walilalamika kwa sababu hawakuwa na kitu kingine cha kuuza kutoka kwenye ardhi kavu. Mti unaoweza kuwa milango na vitanda usiishie kwenye jiko.

Kwa hiyo, kama umeamua, hesabu nyuma kutoka Novemba. Miche ya kupanda mwezi huo iwe kitaluni kufikia Julai, na makokwa yawe yamepasuliwa Juni. Mashimo yachimbwe Agosti na Septemba. Kama Julai imekupita bila miche, usinunue yoyote utakayoipata kando ya barabara ili tu usikose msimu. Nenda KEFRI uagize mbegu za mwaka ujao, na miezi iliyobaki itumie kuchimba.